Hatua 83.501 Bila Kutoka ku Kiti

Jumatatu, tarehe 2 ya mwezi wa tatu

Nilipoteza bibi yangu Kaswera tarehe 12 ya mwezi wa kwanza, saa mbili ya asubuhi, ku parking ya gari za Beni. Hapana kufa. Alipanda gari. Leo ni siku 49.

Alisema anaenda kuosha mutoto wa Christa, binti yetu, mwenye alizaa. Muzuri. Mutoto anaoshwa wiki tatu, wiki ine. Sasa ni wiki saba! Mutoto gani anachafuka hivi?

Niandike ukweli, sababu kitabu hiki hakuna mutu anakisoma. Mbele ya kupanda, Kaswera alisema yeye hakuolewa na kiti. Aliolewa na kijana mwenye kubeba mifuko ya maharagi kutoka Kamango na mugongo yake. Kweli nilibeba. Na mugongo ile ile nikajenga boutique ya pièces za moto, vipuri vya pikipiki, hapa Vulamba mu Butembo, bila muchango wa mutu. Kisha, nikiwa na miaka 52, ugonjwa wa sukari ukanikamata. Goti la kushoto likafuata. Nikakaa. Sasa niko na 54 na ningali nimekaa. Kukaa ni zambi?

Leo nilienda ku centre de santé. Muganga Onésime alinichoma kidole kupima sukari: 241. Akaiandika mu carnet, kitabu changu cha ugonjwa, na kalamu nyekundu ya bic, kama mwalimu. Kisha akaanza kuuliza mambo yasiyohusu damu. Kama ninalala muzuri. Kama ninakula na nani. Kama vitu vyenye vilinifurahisha zamani vingali vinanifurahisha. Nikamuuliza furaha inapimwa na nini, kilo ao litre. Hakucheka. Alisema sukari inaleta huzuni, huzuni inapandisha sukari, na dawa moja ya yote mbili ni kutembea. Hatua elfu sita kwa siku.

Dawa ya bure. Vitu vya bure ninaviogopa.

Mangaribi Christa akaandika kutoka Beni. Alikuwa ameongea na Onésime! Mama amesema hivi: hatua elfu sita kila siku, siku kumi na ine mufululizo, na picha ya ile application ya simu yenye kuhesabu hatua. Siku ya kumi na tano anapanda gari na kurudi.

Ile sasa ni luga ninaelewa. Kiasi, muda, bidhaa. Nikakubali palepale.

Jumanne, tarehe 3

Saa kumi na mbili ya asubuhi, na kikundi cha kanisa. Kinaitwa Magoti Mapya. Batu kumi na moja, bote na fulana ya njano. Mukubwa wao ni Zorobabel, mwenye kuuza mabati mbele ya boutique yangu. Tulizaliwa mwaka moja. Tuko na ugonjwa moja. Sukari yake: 118. Anaisema kila mahali kama mutu mwenye mutoto wake amepata diplôme.

Ana filimbi. Mutu muzima, ana filimbi!

Bamama bakapiga kelele: “Papa Jacob! Umefufuka!” Sikukufa, nikabaambia. Bakaniangalia kwa huruma. Huruma inachosha kuliko mulima.

Wanapanda mulima mpaka ku antenne, ule munara wa simu, kisha wanarudi. Ku hatua ya 412 goti likakataa. Zorobabel akapiga filimbi, akasimamisha batu wote, akatangaza kama tutamungojea papa yetu pole pole, hata konokono inafikaka. Nikasema nimekumbuka client. Nikarudi na moto.

Simu: hatua 421. Moto imepita mashimo yote ya Butembo na imeniongezea hatua kenda tu. Application ya wizi.

Mangaribi nikapika bundu, ugali yetu ya muhogo, ya batu wawili tena. Mukono haujajifunza. Nusu nikaitupa.

Jumatano, tarehe 4

Wazo! Na kubwa.

Nilienda kwa Tamar, mama mushonaji mwenye kufanya kazi kule juu karibu na antenne. Suruali zangu zote zimekuwa kubwa, sukari inanikula. Alikuwa anashona. Nikaangalia muguu yake ku pédale. Chini, juu, chini, juu. Nikatoa saa. Mara 62 kwa dakika moja. Hatua elfu sita ni saa moja na dakika 37, na yeye anakanyaga kutoka asubuhi mpaka mangaribi! Nguvu yote ile inapotea bure, hakuna mutu anaihesabu.

Mapatano: mimi ninamupatia mukanda mupya wa mashine, ule wake umekatika mara tatu na kufungwa na kamba. Yeye anafunga simu yangu ku pédale, ndani ya soksi. Mutu akipiga simu, usijibu. Ukijibu kwa bahati mubaya, sema neno moja tu: anatembea.

Tamar ni mujane, mutu wa kanisa, na ulimi wake haukosi mahali pa kukata. Aliniuliza kama ile si uongo. Nikamwambia kuna kitu kinatembea, sijasema ni nani. Akasema: “Papa Jacob, ile akili ingetengeneza barabara, leo tungefika Beni bila kuchafua viatu.” Lakini mukanda aliukamata.

Ijumaa, tarehe 6

Jana: 9.212. Leo: 14.705!

Asubuhi ninapeleka simu kwa Tamar na moto, mangaribi ninairudisha na moto. Hakuna mwanamichezo mwenye kupumuzika hivi.

Christa anatuma mioyo nyekundu. Leo Kaswera mwenyewe alituma sauti. Sekunde kumi na moja. “Papa Christa, nimeona. Bwana asifiwe. Usisahau kukunywa maji.” Nikaisikiliza mara saba. Nyuma yake mutoto alikuwa analia, na kikombe kiligonga sahani. Ni kikombe gani? Ku nyumba yetu vikombe vyote ninajua sauti yao.

Jambo moja la kuandika. Mu boutique siku nzima hakuna mutu alinipigia. Nikaona uchungu. Kisha nikakumbuka simu iko kwa Tamar. Nikacheka mwenyewe. Mangaribi nikaichukua, nikaangalia.

Hakuna mutu alinipigia.

Jumamosi, tarehe 7

Musiba wa wingi. Kesho ni 8 mars, sikukuu ya bamama, na kila mwanamuke wa muji anataka pagne yake ya kitenge ishonwe leo. Tamar alianza mbele ya jua. Saa kumi na moja ya mangaribi nikafungua soksi: hatua 41.360!

Ningeifuta. Lakini Christa alikuwa anangojea picha, nikatuma. Akapiga palepale akilia: papa, uko wapi, nani anakufukuza? Nikasema niko muzuri, nilizunguka tu kidogo. Akasema kidogo gani. Basi nikamupatia hesabu, sababu hesabu inatuliza batu: kutoka hapa mpaka Beni ni kilometa 54. Hatua yangu, na hili goti, ni sentimeta 65. Safari nzima ni hatua 83.077. Donc, yaani, leo nimefanya nusu tu.

Hakutulia.

Jumapili, tarehe 8

Tamar hashoni leo. Ameenda kwa défilé ya sikukuu, anaandamana na bamama wengine. Hatua yangu ku saa tatu: 0.

Nikaanza kutikisa simu na mukono. Nyumba ilikuwa kimya sana, nikasikia mufupa wa bega unalia. Nikaona afazali kanisani, kule kuna ngoma. Sikuingia kule tangu miezi saba. Nikakaa nyuma, nikaweka simu ku goti, nikalitikisa goti chini ya koti. Zaburi, tangazo, mahubiri, mimi ninatikisa. Ku hatua elfu ine jasho likatoka. Mama moja nyuma yangu akanishika kichwa na kuanza kuomba kwa sauti. Wengine wakakuja. Wakaniwekea mikono batu sita.

Sikuacha kutikisa. Nilikuwa nimebakisha mia mbili.

6.004. Nikatoka na baraka pia, bure. Mikono ilikuwa ya moto. Tangu siku 55 hakuna mutu alikuwa amenigusa, isipokuwa Onésime, na yeye ni kwa sindano.

Jumanne, tarehe 10

Nimekwisha.

Jana ilienda muzuri, 7.318. Leo, saa ine ya asubuhi, Kaswera akapiga simu. Hakutuma sauti. Alipiga. Mara tatu. Simu ikalia ndani ya soksi mpaka client wa Tamar akauliza kama kuna panya. Tamar akaogopa labda kuna mutu amekufa. Akajibu.

Kaswera akauliza ni nani. Akasema ni Tamar, mushonaji. Akauliza papa Christa iko wapi. Na Tamar akakumbuka mapatano, akasema neno langu: “Anatembea, mama.” Basi Tamar, kwa roho yake muzuri, akaona neno moja halitoshi. Akaongeza: “Anatembea hapa kwangu kila siku. Asubuhi mpaka mangaribi. Hata simu ananiachiaka.”

Kwetu mwanaume akitembea barabarani, ametembea. Akitembea kwa mujane, ile ni kutembea kwingine.

Kaswera akakata. Simu yake imefungwa tangu saa ile. Picha ya leo nikaituma kwa Christa hata hivyo: 4.902, pédale ilisimama palepale.

Christa aliniandikia mara moja tu. Mama hakupiga juu ya kukuchunguza. Alipiga kukuambia hangojei siku kumi na ine tena. Alitaka kurudi Jumamosi hii. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku.

Amelifungua.

Jumatano, tarehe 11

Vulamba nzima inajua. Yule client wa panya ni mutu wa Magoti Mapya.

Zorobabel alivuka barabara kunisalimia. Hajawahi kuvuka. Alisema: “Kumbe goti linatembea! Ni barabara tu halipendi.” Akacheka peke yake, akarudi kwa mabati yake.

Tamar akanitumia ile soksi ndani ya mufuko wa plastiki, pamoja na mukanda wa mashine. Kisha akakuja mwenyewe nyuma yake. Hakukaa. Alisema miaka kenda amelinda jina lake na sindano na uzi, na mimi nimelipasua kwa siku sita. Alisema mimi ninaona hatua na sioni muguu yenye inakanyaga. Nitasafisha jina lake mbele ya Magoti Mapya, siyo kwa message, siyo kwa mutu mwingine. Na mukanda nibaki nao, atafunga tena kamba.

Nikamuuliza kama pédale iko salama. Akaenda.

Hesabu ya usiku wa leo ni fupi. Nikikubali mashine, niko muongo. Nikikataa mashine, niko muzinzi. Nimepiga hesabu mara mbili, jibu halibadilike.

Alhamisi, tarehe 12

Nimechagua uongo. Nilienda kwa Tamar na moto, nikasimama inje ya dirisha, nikachukua video ya pédale, nikatuma Beni. Nikaandika: tazama mwenyewe, ni mashine inatembea na mimi.

Saa kenda Kaswera akapiga. Dakika sita na sekunde kumi na ine.

Hakupiga kelele. Ningependa kelele. Alisema Christa amejumulisha zile picha zote, tangu Alhamisi mpaka saa ya ile simu. Hatua 83.501. Alisema: “Kwa hesabu yako mwenyewe, papa Christa, umefika Beni. Umepita hata hatua 424. Ku mulango nilikuwa. Mbona sikukuona?”

Nikasema sentimeta 65 ni ya barabara tambarare, ku mulima inapunguka, donc pengine sikufika kabisa.

Kaswera akasema hakuniomba hatua. Aliniomba nitoke. Alisema mwaka muzima alikuwa anaongea na kichogo changu. Alisema tangu apande gari, sijamuuliza hata siku moja kama yeye analala muzuri. Kisha akasema pole pole: “Kuja unichukue. Hata na gari. Shuka tu pale ku parking, nikuone umesimama.”

Nikasema nitafikiri.

Nikakumbuka kumuuliza kama analala muzuri. Simu ilikuwa imekatika.

Ijumaa, tarehe 13

Saa kumi na mbili, jambo la Tamar. Ku rond-point, kituo cha moto za kubeba batu, mwenye moto wa kwanza akaniuliza: “Muzee, tukupeleke kwa bibi wa pili?” Wa pili akacheka. Wa tatu akawasha moto na kujifanya anapangusa kiti. Basi nikaenda na miguu, kwa hasira.

Nilisimama mara ine. Ya tatu karibu nikae mu mufereji. Kisha nikafika juu, kwa Tamar. Sijui goti lilifikiri nini.

Magoti Mapya walikuwa wanapita pale. Nikainua mukono. Nikasema mbele ya batu kumi na moja na Tamar ku mulango wake: mama huyu hana kosa, hakuna kitu kati yetu, kilichotembea ni simu yangu, ndani ya soksi, ku pédale ya mashine ya kushona. Kisha mama moja akauliza soksi ya rangi gani. Nikasema kijivu. Hapo wakaanguka! Walicheka mpaka wakashikana. Tamar alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaingia ndani kuchekea kule. Hata mimi, kidogo. Kisha akatoka na kikombe cha maji, akanipatia mbele yao wote. Mukanda nikauweka ku dirisha lake. Tamar aliuacha pale, hakunirudishia.

Kurudi, Zorobabel alitembea na mimi. Filimbi mu mufuko. Akaniambia jambo sikumuuliza. Tangu azike bibi yake, miaka tatu, nyumbani hakuna sauti isipokuwa ya frigo. Asubuhi frigo ikinyamaza, yeye anatoka. Kikundi alikianzisha hivyo. Sukari ilikuja kushuka nyuma.

Nikamuuliza kutoka antenne mpaka kwangu ni hatua ngapi. Akasema hajawahi kuhesabu.

Hajawahi kuhesabu! Na huyo ndiye mukubwa wao.

Jumamosi, tarehe 14

Onésime: 172. Alifurahi mpaka akaniandikia na bic ya bluu. Nikamushauri abadilishe pile, betri ya kile kimashine chake, inaonekana imechoka.

Usiku nililala masaa munane bila kuamuka. Pengine ni maharagi.

Jumapili, tarehe 15

Siku tatu nimefikiri juu ya safari. Boutique itabaki na nani? Goti mu gari litakauka. Barabara, leo iko muzuri, kesho haujui. Na nikishuka pale ku parking, nikisimama, mbele ya batu wote, na yeye asikuje?

Ile hatari haina kipimo. Nimeiondoa mu hesabu.

Na nimepata njia! Zorobabel anashuka Beni Jumanne kuchukua mabati. Miguu yake ni mizuri kuliko yangu, carnet yake inashuhudia. Nimeandika procuration: mimi Kambere Jacob ninamupatia Zorobabel uwezo wote wa kusimama ku parking mahali pangu na kunichukulia bibi. Nimepiga cachet, muhuri wa boutique, mara mbili. Aliisoma. Akasema: “Jacob, rafiki yangu, kuna nafasi mu gari. Panda.” Nikamwambia basi, ile nafasi ni ya sanduku ya Kaswera.

Message imekwisha kuenda, saa kumi kamili. Ninaiandika hapa pia, kusudi mutu asiseme sikusema:

Mama Christa. Jumanne saa ine Zorobabel atakuwa ku parking ya Beni na karatasi yenye cachet. Atasimama wima, dakika zote utapenda kumuangalia. Sombe ninaipika mwenyewe, na sijue tena kama chumvi imezidi, hakuna mutu wa kuniambia. Unalala muzuri? Hilo unaweza kulijibu siku ingine. Leo ni swali moja tu: unarudi ao haurudi? Usipitishe kwa Christa. Usinitumie sauti ya mutoto. Ndiyo ao hapana, neno lako mwenyewe, mbele ya kesho Jumatatu, saa sita kamili ya muchana.